Hata mimi

Leo nimemaliza kile kitabu cha hadithi fupi nilichokuwa nakikwepa wiki tatu nzima.

Hadithi 11, zote za watu walio wapweke huku wamezungukwa na watu. Nasoma moja, nakifunga, naenda kuosha vyombo ambavyo tayari ni visafi. (Msicheke.)

Ya saba ndiyo iliyonimaliza. Mzee mjane anakosea namba ya simu. Aliyepokea hakati. Wanaongea habari za mvua, basi. Kesho yake mzee anapiga tena, anajifanya amekosea tena. Na yule wa upande wa pili anajifanya haijui ile sauti.

Nikageuza ukurasa.

Pembeni kabisa, kwa penseli, herufi ndogondogo: "hata mimi".

Kitabu nilikinunua kikiwa kimeshatumika, kwa hiyo simjui aliyeandika. Mwandiko umelalia kushoto, herufi i zote hazina nukta, kama mtu aliyeandika upesi kabla hajaonekana.

Nimeyatazama maneno hayo mawili muda mrefu kuliko nilioutumia kusoma hadithi yenyewe. Nikachukua penseli. Nikaiweka. Nikaichukua tena.

Hadithi mbili za mwisho hazikunigusa, niseme ukweli. Mwandishi alikazana mno kututoa machozi. Lakini kitabu hiki simwazimi mtu sasa hivi.

Chini ya yale maneno nimeandika: "tuko wawili".

Nyie je, mmewahi kukuta maandishi ya mtu msiyemjua ndani ya kitabu? Yalisemaje? Nawasoma hapa chini.