Tunambangulia wenyewe

Jirani kaletewa korosho ghafi kutoka nyumbani, na jana jioni akazichoma uani kwenye kipande cha bati. Wapangaji wakafunga madirisha. Moshi wa maganda ya korosho hauna adabu, unawasha macho na kukaba koo. Mimi nikabaki mlangoni kama zuzu. Moyoni nilikuwa Newala, Desemba 2014, kwa bibi.

Mwaka ule nilikuwa najiona msomi. Dar ilikuwa imetoka kwenye mlipuko wa dengi, nami nikarudi kijijini na kimombo changu cha maabara. Basi lilikwama, tukalala njiani, nikafika.

Bibi alikuwa mkekani, mikono kaipaka majivu ili mafuta ya maganda yasimbabue, anabangua. Jiwe chini, kipande cha chuma mkononi. Ta! Ganda linapasuka, korosho inatoka nzima. Kwa kuwa sikujua kunyamaza, nikaanza kumfundisha habari za chikungunya, homa ya virusi inayoletwa na mbu na kukaza viungo. Yeye, ambaye ilimkunja akiwa binti mdogo mwaka 1952, enzi za kuteka maji mabondeni na kuyaweka mitungini ndani ya nyumba! Hata jina lenyewe dunia ililiokota kwetu, kwenye Kimakonde.

"Bibi, kile kirusi hakina kisu," nikamwambia. "Kinaingia kwenye seli, kinaitumikisha izae virusi wengine, lakini protini zao za nje zinaundwa zikiwa na ganda. Sasa humo ndani kuna kimeng'enya chetu sisi, kinaitwa furini. Hicho ndicho kinachokata. Kirusi kimoja kina protini hizo 240, na zisipokatwa, kuingia seli nyingine kinapata taabu."

Chuma kikabaki hewani. Naviona hadi leo vile vifundo vya vidole, vyeupe kwa majivu.

"Kwa hiyo, mume wangu, sisi ndio tunaombangulia?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi tuache."

Nikacheka kisomi. Nikaeleza kwamba kemikali za kuizuia furini zipo, na kwenye seli za maabara virusi hupungua kweli. Ila furini haikuwekwa mwilini kwa ajili ya kirusi. Protini zetu nyingi zinaisubiri hiyohiyo izikate, hata kipokezi cha insulini. Sasa unamzuiaje mbanguaji kwa mgeni mmoja tu, wenyeji wakaendelea kuhudumiwa?

Bibi akaligeuza ganda kiganjani, kimya kirefu.

"Ajabu," akasema. "Korosho zetu mpaka zipelekwe India kubanguliwa. Yeye tunambangulia hapahapa, bure."

Mpaka leo sijui kama ulikuwa utani au malalamiko ya bei ya msimu ule. Akanipa chuma nijaribu. Ya kwanza nikaipasua vipande viwili, na iliyopasuka haina soko. Akaipuliza majivu, akaila.