Nilivyochagua aina ya upasuaji wa kupunguza uzito

Nyumba yetu ipo juu ya mawe ya Bugarika, jijini Mwanza, na kufikia mwaka 2022 nilikuwa nikisimama mara nne kuvuta pumzi kabla ya kufika mlangoni. Nilikuwa na kilo 124 kwa urefu wa sentimita 163, kisukari cha aina ya pili, na kiungulia kilichoniamsha karibu kila usiku. Mara tatu nilikuwa nimepungua kwa chakula na mazoezi, na mara zote tatu uzito ulirudi. Kwa hiyo wanaosema kwamba sisi wanene hatuna nidhamu huniumiza sana.

Daktari bingwa niliyemwona Dar es Salaam alikokotoa uwiano wa uzito na urefu wangu, akapata karibu 47, wakati miongozo ya kimataifa ya mwaka 2022 inapendekeza upasuaji kuanzia 35 hata kwa asiye na maradhi mengine. Nilikuwa nimekwenda nikitaka puto linalowekwa tumboni ili mtu ashibe haraka, lakini alinieleza kwamba puto hutolewa baada ya miezi kadhaa na uzito mara nyingi hurudi. Yakabaki machaguo mawili ya upasuaji: kuondolewa takriban asilimia 80 ya tumbo ili libaki kama mrija, au kutengenezewa kifuko kidogo upande wa juu wa tumbo na kukiunganisha na utumbo mwembamba.

Dada yangu alinisihi nichague la kwanza, kwa sababu utumbo hauguswi, nami nilikubaliana naye hadi daktari alipouliza habari za kiungulia. Upasuaji wa mrija unaweza kukizidisha, ilhali ule wa kuunganisha utumbo kwa kawaida hukipunguza, na kisukari nacho huelekea kutulia zaidi. Hapo nikaamua. Sharti lake ni vitamini B12, vitamini D, madini ya chuma na kalisi kwa maisha yote, pamoja na vipimo vya damu. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, nilirudi Mwanza nikazunguka maduka ya dawa kuhakikisha kwamba vidonge hivyo vinapatikana na kwamba mshahara wangu utavimudu.

Baada ya upasuaji, sukari yangu ya damu ilianza kushuka kabla hata uzito haujapungua sana, na daktari akanipunguzia dawa. Kula ndiko kulikohitaji kujifunza upya. Nilianza na supu ya sato iliyochujwa, kisha vyakula laini. Baadaye dagaa wa kusagwa wakawa tegemeo langu la protini; huliwa kabla ya ugali, polepole, na maji husubiri nusu saa baada ya chakula. Siku niliyokunywa soda harusini, moyo ulinienda mbio na jasho likanitoka mpaka nikalazwa kwenye mkeka, kwa kuwa sukari ya soda iliingia kwenye utumbo kwa kasi mno.

Sasa nina kilo 83. Kipimo cha mwisho kilionyesha chuma kimepungua kidogo, dozi ikaongezwa, na nitapimwa tena baada ya miezi mitatu.