Likitembea baridi, likisimama joto

Kila mwezi nampeleka mama kliniki Muhimbili, na kutoka Mbagala barabara ya Kilwa ndiyo inayoamua siku yetu itakuwaje. Mama ana presha na umri umekwenda. Joto likimzidi anaanza kuhema, macho yanalegea. Februari tulikwama Mtoni kwa Azizi Ally, AC ikaanza kupuliza hewa ya vuguvugu, baadaye ya moto kabisa. Nikashusha vioo, ukaingia moshi wa daladala. "Mwanangu, hebu nipepee," akasema. Nikampepea kwa kadi yake ya kliniki, mkono mwingine uko kwenye usukani. Foleni ilipofunguka tukaanza kutembea, ubaridi ukarudi wenyewe.

Lile la ubaridi kurudi wenyewe sikulitia maanani, na limenigharimu laki moja.

Fundi wa kwanza alisikiliza nusu ya maelezo yangu akasema, "Gesi imepungua hiyo, dada." Akaunganisha mpira mmoja kwenye njia ya presha ndogo, akajaza mpaka bomba likatoka jasho. Elfu hamsini. Jioni ile gari lilipoa vizuri, nami nikafurahi. Wiki mbili baadaye hali ikawa mbaya kuliko mwanzo: sasa hata nikiwa natembea, ubaridi ulikuja na kukatika. Fundi wa pili naye akasema gesi, labda inavuja, akaongeza. Elfu hamsini nyingine, na hakuna kilichobadilika.

Hapo ndipo nilipoamua kuuelewa mfumo wenyewe kabla sijatoa tena hela. Gesi ya AC si petroli, haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa inaibana, inapata moto. Inapita kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta, inatema joto lake nje na kugeuka kimiminika. Kisha inapenya kwenye valvu nyembamba na kupoa ghafla ndani ya evapoleta, nyuma ya dashibodi. Kama imepungua, basi kuna mahali imetokea, na mara nyingi mafuta ya kompresa hutoka nayo, hivyo utakuta vumbi limenata hapo. Nilimulika tochi maungio yote niliyoweza kuyafikia, nikayapaka povu la sabuni. Hakuna hata moja lililotoa kipovu.

Nikarudi kwenye ile asubuhi ya Mtoni. Gari likitembea, upepo wa barabara unaipiga kondensa na joto linaondoka. Likisimama, kondensa haina msaada mwingine ila feni. Kwa hiyo ubaridi unaokuja ukitembea na kupotea ukisimama una swali lake la kwanza: je, feni inafanya kazi?

Nilitaka uhakika kabla ya kufungua chochote. Niliegesha uani, nikawasha gari, AC nikaiweka mwisho, nikachomeka kipimajoto cha jikoni kwenye tundu la katikati. Kikasimama kwenye nyuzi 24. Nikachukua ndoo ya maji na kata, nikaanza kuimwagia kondensa taratibu kwa mbele, kupitia uwazi wa bampa, si juu ya injini. Haikupita dakika mbili kipimajoto kikawa 13. Nilipoacha kumwaga kikapanda tena. Nilirudia mara tatu, majibu yakawa yaleyale. Nilimwita mama aliyekuwa barazani nikamwambia nimeupata ugonjwa, na sijui nani alifurahi zaidi kati yetu.

Gari langu lina feni mbili nyuma ya rejeta, na AC ikiwashwa zote zinatakiwa kuzunguka. Moja ilikuwa imelala. Fyuzi yake nzima. Rilei yake, kiswichi cha umeme kinachoiwasha, nikaibadilisha na ya honi, kwa kuwa zilikuwa na namba zilezile. Honi ikalia, kumbe rilei nayo haina tatizo. Nikachomoa soketi ya feni na kuipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kimya. Nikaigonga mota kwa mpini wa bisibisi, ikazunguka kidogo, ikafa tena. Kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota zimekwisha. (Ukichungulia huko, weka vidole mbali: kwenye magari mengi feni inaweza kuanza yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.)

Kwenye maduka ya vipuri mtaa wa Gerezani nilipata feni iliyotumika kwa elfu arobaini na tano, nikaomba waijaribu kwenye betri mbele yangu na kuhakikisha inazunguka upande uleule wa ile ya zamani. Kufunga si kazi kubwa. Nilipokuwa nimeitoa ile mbovu nikaiosha kondensa kwa maji ya mpira yasiyo na nguvu, kwa sababu mapezi yake yanapinda upesi, na tope lililotoka lilikuwa zito kama uji.

Nilidhani nimemaliza. Gari likapoa, lakini nikisimama kwa muda mrefu kompresa ilikuwa bado inakata. Nikatafuta fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi na mizani. Kibandiko chini ya boneti kinasema gramu 430 za R134a, ndiyo gesi yenyewe. Iliyotoka ilikuwa zaidi ya 600. Akanieleza kwamba gesi ikizidi, kondensa inajaa kimiminika, presha inapaa, na swichi ya presha inaizima kompresa kuiokoa. Nikamuuliza kwa nini wale wenzake hawakuona. Akasema geji ya presha ukiiunganisha gari likiwa limezimwa, kwenye joto la Dar pande zote mbili husoma kama psi 100, iwe gesi ni kidogo au imepita kiasi, mradi kuna kimiminika ndani. Hiyo geji peke yake haisemi ujazo. Mizani ndiyo inayosema.

Alivuta hewa yote kwa nusu saa, akafunga na kusubiri kuona kama mshale utapanda, haukupanda, kisha akajaza kwa gramu. Nilipenda pia kwamba ile ya ziada hakuiachia hewani, maana R134a hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,300 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksaidi. Nimeshaona gereji wakifungua tu kizibo ikafuka yote, na inaniuma.

Kliniki ya Machi tulikaa Mtoni karibu nusu saa bila kusogea. Kipimajoto nilikuwa nimekiacha kwenye tundu lake, kinasoma 11. Mama akajifunika kanga mabegani, akalala mpaka tulipofika getini.