Nilivyoamua kuhusu chatu: kwanza nilifuga sanduku tupu

"Nyoka anakua kulingana na sanduku lake." Kama kuna mtu kakwambia hivyo mshukuru kwa muda wake halafu usimuulize tena kitu chochote kinachohusu mnyama. Mi niliambiwa na muuzaji kwenye maonyesho ya nyoka na mijusi hapa Columbus, Ohio, huku kanishikisha kitoto cha chatu wa Burma, kimejizungusha mkononi kama bangili, kimetulia, kinatoatoa kaulimi, na bei yenyewe dola mia na kidogo, yaani chini ya viatu vya mwanangu. Eti mweke kwenye kizimba kidogo atabaki mdogo. Uongo mtupu. Chatu wa Burma akila vizuri mwaka wa kwanza anaweza kupita mita mbili, na jike akikomaa anafika mita nne, wengine tano. Ukimbana kwenye sanduku dogo anaumwa, magamba ya tumbo yanaoza, anashindwa kujivua vizuri, na bado anarefuka.

Ieleweke mi sio mwoga wa nyoka. Mi Msukuma wa Kisesa, nimekua nakimbilia Bujora, kituo cha utamaduni wetu, kila sikukuu ya ngoma ya Bulabo inapofika mwezi wa sita, makundi mawili ya ngoma, Bagika huku Bagalu kule, wanashindana nani atavuta watu wengi, na chatu mzimamzima yuko shingoni kwa mchezaji. Kwangu chatu ni mnyama wa ngoma. Shida mama watoto ni wa Tanga, na kwao nyoka anauawa kwanza halafu ndo anaulizwa jina. Nilipomwambia wazo langu akasema, "Baba Junior, akiingia huyo mimi natoka na watoto, na masufuria natoka nayo." Nikampigia mama yangu nyumbani nikijua atanitetea, akacheka mpaka akakohoa, "Mwanangu, nauli yote ile mpaka Marekani kumbe ulikuwa unafuata chatu? Si ungebaki tu hapa, wapo."

Halafu kuna wataalamu. Kwenye ubatizo wa mtoto wa rafiki yetu kila mtu alikuwa na neno. Mmoja anasema mpe sungura hai asisahau asili yake. Sungura hai ana meno na kucha, akibanwa anajitetea, chatu anaweza kutoka hapo na jicho bovu, ndo maana wafugaji wanaojielewa wanalisha sungura aliyekufa aliyegandishwa, anayeyushwa, basi. Mwingine, huyu alikuwa anaongea kwa kujiamini kabisa na mshikaki mkononi, anasema mlishe kwenye boksi jingine ili asizoee kung'ata akiwa kizimbani. Haya, kwa kichatu cha nusu mita sawa. Kwa chatu wa mita nne ambaye ametoka kumeza sungura na kichwani bado ana njaa, wewe ndo unainama umbebe umrudishe kwake? Nenda wewe.

Sheria nilisoma mwenyewe. Hapa Ohio mambo yalibadilika baada ya Oktoba 2011, pale Zanesville, mwendo wa saa moja hivi kutoka kwetu, mtu alipofungulia wanyama wake, simba, chui milia, dubu, kama 50 hivi, na wengi wao wakapigwa risasi. Mwaka 2012 ikapita sheria ya wanyama hatari na chatu wa Burma yumo, akifika futi 12 unatakiwa uwe na kibali cha idara ya kilimo ya jimbo. Muuzaji hilo hakulitaja, yeye anauza futi mbili, kumi zilizobaki ni zako. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ikapiga marufuku kuwaingiza nchini, kwa sababu kule kwenye mbuga ya majimaji ya Everglades, Florida, wamezaliana porini na wanamaliza wanyama wa huko. Ukimchoka usifikirie kumwachia msituni, ni kosa, na kwa baridi ya Ohio umemuua. Kumpata mtu wa kumchukua akishakuwa mkubwa nako ni kazi, waulize waliojaribu.

Ndipo nikapata akili. Kwa nini naamua kwa kuangalia kitoto wakati nitakayeishi naye miaka 20 na zaidi ni mkubwa? Nikasema nitafuga mkubwa kwanza, bila mkubwa mwenyewe.

Nikanunua mchele, mifuko miwili ya pauni 50, ukijumlisha ni kama kilo 45, uzito wa jike aliyekomaa. Nikakusanya jinzi kuukuu, zangu na za shemeji, nikakata miguu nikaiunga kwa uzi wa kuvulia samaki. Mchele niliufunga kwanza kwenye mifuko ya plastiki maana mpango ulikuwa kuula baadaye, sio mjinga. Asubuhi watoto wanaamka wanakuta chatu wa jinzi kalala sebuleni, mkia umeingia jikoni. Wakampa jina Mzee Wali.

Kanuni niliyojiwekea, kila Jumamosi Mzee Wali anatolewa besimenti, chumba cha chini ya nyumba, analetwa juu bafuni, maana chatu akinya inabidi atolewe, aoshwe, kizimba kisafishwe, na mavi ya mnyama anayemeza sungura mzima sio ya kufuta kwa tishu. Mara ya kwanza nikamkumbatia katikati nikanyanyua. Katikati ikanyanyuka. Kichwa na mkia vikabaki chini. Nikahamia kichwani, mkia ukanasa kwenye nguzo ya ngazi. Nikasema ngoja tufanye mtindo wa Bujora, nikamtupia shingoni, nikapanda ngazi tatu nne najisikia mwanaume, mzigo wote ukateleza upande mmoja ukanivuta, tukashuka wote wawili mpaka sakafuni. Mama Junior kasimama juu na kikombe chake cha chai, hata kuuliza kama nimeumia hakuuliza. Kasema tu, "Na huyo ni mchele. Hajakukasirikia."

Wiki zilizofuata nilipata ujanja, unamkunja ndani ya shuka zito unalifunga ncha nne, unaburuta ngazi moja moja. Nilijisifu sana kwa hilo. Lakini mchele haubani. Chatu mkubwa akishakuzunguka kifua hutoki peke yako, ndo maana wafugaji wana kanuni kwamba akizidi mita tatu hivi asishikwe bila mtu wa pili. Nikahesabu watu wangu wa pili. Mama watoto ameshasema anaondoka na masufuria. Shemeji yuko kazini usiku na mchana kalala. Junior ana miaka saba.

Wakati huohuo nilikuwa nafuga sanduku tupu. Jamaa mmoja wa kazini, Mmarekani wa shifti ya usiku, mwenye jike wa mita nne na kibali chake, aliniazima kizimba cha zamani cha futi nane kwa nne, kikala nusu ya besimenti. Nikafunga hita, thamostati ya kuiwasha na kuizima yenyewe, vipimajoto pande zote mbili na kipimaunyevu. Lengo ni upande wa moto nyuzi 31 mpaka 32, upande wa baridi 26 au 27, unyevu asilimia 60 hivi, mwezi mzima bila kuyumba. Kusema ni rahisi. Nje barafu, hita ya nyumba inakausha hewa, unyevu unashuka mpaka 30, naongeza maji, kesho yake kioo kinatoka jasho na kona zina ukungu. Nikiacha wazi hewa ipite, joto linakimbia. Nilikuwa naamka usiku wa manane kwenda kumwangalia nyoka ambaye hayupo. Kilichosaidia mwishoni ni beseni pana la maji kuliweka upande wa joto, na kutandika makumbi ya nazi yaliyosagwa, na mama Junior alipoona bei ya makumbi alikaa chini kabisa, kwao yanawashia moto.

Halafu usiku mmoja theluji ikaangusha nyaya, umeme ukakatika mpaka asubuhi. Sisi tuliokulia kwenye mgao hatuna presha, nikawasha mishumaa, tukavaa makoti, nimetulia kabisa, ndo nakumbuka sanduku. Nyuzi 15. Chatu akilala kwenye baridi hiyo mapafu ndo yanaanza, na daktari wa mifugo anayetibu nyoka hayupo kila mtaa na hatozi bei ya kuku. Kwa hiyo na jenereta iingie kwenye hesabu. Bili ya umeme ya mwezi ule ilipanda kama dola arobaini, hamsini, sikumwonyesha mtu.

Hata hivyo nilikuwa bado sijakata shauri, nilikuwa naona kila tatizo lina dawa. Kilichomaliza ni siku ya kulisha nyumbani kwa yule jamaa. Sungura ametoka friza tangu jana yake, kalowekwa kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu, kafutwa kwa taulo, kichwa kikapulizwa na mashine ya kukaushia nywele, maana chatu huyu ana vishimo pembeni mwa midomo vinavyohisi joto. Mi nilikuwa nimemshika sungura, jamaa akanirudisha sinki ninawe mpaka viwiko, mkono wenye harufu ya sungura ni sungura. Siku zisizo za kulisha anaanza kwa kumgusa chatu na fimbo ya ndoano, hiyo ndo taarifa kwamba leo hakuna chakula. Siku ile hakugusa. Alifungua akanyoosha koleo refu. Nilimwona chatu yuko kona ya nyuma, halafu nikaona sungura ameshazungushiwa mara mbili, katikati ya hapo sikuona kitu, nilisikia tu meno yanagonga chuma. Akakaza taratibu. Baadaye akalegeza, akaanza kumpapasa kwa pua akitafuta kichwa, akakosea akaanzia mguuni, akatema, akarudi kutafuta.

Juu ya kizimba kulikuwa na chupa ya pombe kali ya bei ya chini. Nikamtania kwamba anakunywa kazini. Akasema hiyo ni ya mdomo wa nyoka, aking'ang'ania mkono unammwagia anaachia. Nikamuuliza anammwagia nani kama mkono wake ndo ulioshikwa. Akasema, "Wewe."

Njiani kurudi nilikuwa na kitu kimoja tu kichwani, New Brunswick, Canada, Agosti 2013. Chatu wa Afrika, huyuhuyu wa kwetu, alitoka kizimbani kwenye nyumba iliyo juu ya duka la wanyama, akapita kwenye bomba la hewa darini, akaua watoto wawili ndugu waliokuwa wamelala. Nyumba yangu ina tundu la hewa kila chumba, na chumba cha Junior liko juu ya kitanda. Nilipofika nikamwambia mama yake chatu hachukuliwi. Hakushangilia wala nini. "Basi mchele urudi jikoni."

Hela niliyotumia jumla sijui, labda dola mia tatu, ukitoa mchele maana tumeula mpaka Pasaka, na jamaa alichukua kizimba chake na vipimo vyote nikamwachia. Ukiniuliza, hiyo ndo bei nafuu kuliko zote za kufuga chatu. Sasa hivi mi ndo mtu wa pili wake rasmi, akilisha au akimtoa ananipigia, nasimama upande wa mkia, chupa iko karibu. Malipo yangu ni gamba. Unyevu ukiwa sawa chatu anajivua gamba zima kutoka puani mpaka mkiani, na likinyooshwa linakuwa refu kuliko mwenyewe. Mama Junior amekubali liingie ndani kwa sharti kila anayeligusa ananawa kwa sabuni. Junior alilipeleka shule bila kutuaga, mwalimu akanipigia saa nne asubuhi anauliza kwa sauti ya upole sana mwenye gamba yuko wapi. Nikamwambia yuko kwa mtu mwenye kibali.