Kabla ya Kuuza Cherehani

Jumamosi iliyopita, tulipomaliza ibada ya jumuiya na watu wakiwa bado wanatafuta viatu vyao mlangoni, binti mmoja ambaye mume wake amesimamishwa kazi alinivuta pembeni. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, mtu anajuaje kwamba sasa amefikia hatua ya kuliambia kanisa shida yake?" Nilimjibu kwa kifupi maana watu walikuwa wanapita. Jibu refu sijawahi kumpa mtu, nami ninalo tangu 2015, mwaka wa mguu wa Baba, mume wangu.

Baba alikuwa anaendesha pikipiki ya mkataba. Akagongwa na Hiace huku Njia Panda ya Himo, mguu ukavunjika chini ya goti, akawekewa vyuma. Bima hatukuwa nayo. Ndugu walichanga, tukalipa sehemu ya bili, iliyobaki tukaandika ahadi ya kulipa kidogo kidogo. VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nilikuwa nimeshakopa mpaka mwisho wa hisa zangu. Kisha kodi ikaisha. Mwenye nyumba wetu pale Pasua alitaka miezi sita kwa mpigo, shilingi 60,000 kwa mwezi, na mimi mkononi sikuwa hata na ya mwezi mmoja.

Kitu cha thamani kilichobaki ndani kilikuwa cherehani. Butterfly ya kukanyaga kwa miguu, ubao wake umepauka pale ninapoegemeza kiwiko. Fundi mmoja wa Kiboriloni alishakuja kuitazama, akaizungusha gurudumu, akasikiliza, akasema 150,000.

Mama yangu mzazi alikuwa na msimamo wake: kanisani mtu haendi akiwa bado ana kitu ndani. Uza kwanza, ukiishiwa kabisa ndipo umfuate mchungaji. Wifi yangu naye akasema hata nikiishiwa nisiende, jina langu litakuwa mdomoni mwa watu mpaka Krismasi. Usiku nikafungua Wagalatia, sura ya sita. Mstari wa pili unatuambia tuchukuliane mizigo. Mstari wa tano unasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Nilisoma huu, nikarudi kwenye ule, na Baba yuko kitandani anajifanya amelala.

Jambo jingine lilinikaa kooni. Bahasha yangu ya ahadi, ile sadaka niliyoahidi kanisani, ilikuwa haijaingia tangu Pasaka. Kila nilipofikiria kwenda, niliiona ile kauntabuku ya mhasibu, namba yangu na visanduku vitupu mbele yake. Nitaombaje kwenye kapu ambalo mimi mwenyewe sijalitia kitu?

Kilichonisukuma ni vitambaa. Ilikuwa Novemba, na wazazi walishaanza kuniletea vitambaa vya sare za Januari, wengine wamenipa na advansi. Vilikuwa vimepangwa juu ya kabati, kila kimoja na karatasi ya vipimo imebanwa kwa pini. Nikiuza cherehani, vitambaa vya watu nitavishona na nini? Kesho yake nikamwendea mzee wa kanisa wa mtaa wetu, nikamwamkia, nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni kwake. Akasema atanipeleka kwenye kamati ya diakonia, ile inayosaidia wenye shida.

Kikao kilikuwa katika chumba cha nyuma ya ofisi ya usharika. Meza ndefu, kitambaa cha plastiki chenye maua, trei ya mayai ambayo haikuuzwa kwenye mnada wa Jumapili. Walikuwepo mwinjilisti, wazee wawili wa kiume, na bibi mmoja mjane ambaye watoto wa Sunday School wote walimwita Bibi. Mchungaji alikuwa safarini. Kauntabuku ilikuwepo mezani, imefungwa. Nilikaa nikiitazama hiyo tu.

Mwinjilisti akaomba, kisha akaniambia nieleze. Nikaeleza. Mzee wa kwanza akauliza kama ndugu wa mume wameambiwa. Nikasema wameambiwa na wametoa, nikataja nani katoa nini. Akaandika. Nilihisi kama ninawavua nguo watu ambao hawapo, lakini ninaelewa kwa nini aliuliza. Hata Paulo alimwandikia Timotheo kwamba wenye wajane wao wawatunze wenyewe, kanisa lisilemewe.

Mzee wa pili akaniuliza, "Mama, cherehani bado unayo?"

"Ninayo, Baba."

Hakusema neno lingine. Akaweka kalamu chini. Wote walinyamaza, na mimi nikaanza kuhesabu maua ya kile kitambaa cha plastiki kwa sababu machozi yalikuwa karibu. Nikajisemea, mama alikuwa sahihi, nilipaswa kuja mikono mitupu.

Bibi ndiye aliyezungumza, wala hakunitazama mimi. Alimgeukia yule mzee. "Akiuza cherehani, amelipa kodi ya miezi miwili na kidogo. Mwezi wa pili atarudi hapa hana kodi na hana cherehani. Hapo tutamsaidia mpaka lini, Baba?"

Mzee akasema kanuni ni kusaidia wasio na kitu kabisa. Alisema bila ukali. Bibi akajibu kwamba yeye mume wake alipofariki alisubiri mpaka akawa hana kitu kabisa, akauza mpaka jembe, na ilimchukua miaka mingi kulinunua tena. Kisha akanisogezea ile trei ya mayai, kana kwamba jambo limekwisha. Kauntabuku haikufunguliwa.

Walitoa 120,000, kodi ya miezi miwili, wakampelekea mwenye nyumba moja kwa moja. Aliyabadilisha masharti kwa kuwa fedha imetoka kanisani. Nilishona mpaka Krismasi. Januari 2016 elimu bila ada ilipoanza, watoto walijazana darasa la kwanza kuliko ilivyowahi kuwa, na nguo za shule zikawa nyingi kuliko mikono yangu. Kodi iliyobaki nililipa mwenyewe. Hayo sikuyajua Novemba. Hakuna aliyejua.

Sasa sehemu ambayo sikumwambia yule binti. Siku ile nilipotoka, palikuwa na mama mwingine kwenye benchi la nje anasubiri kuingia. Tulikuwa tunafahamiana kwa sura, tuliimba sauti moja kwenye kwaya ya akina mama zamani. Yeye alifanya kama mama yangu alivyofundisha: aliuza kochi, akauza kitanda cha watoto, akauza kuku. Alikuja akiwa hana kitu. Baadaye nikasikia kwamba aliambiwa asubiri Januari, fungu la diakonia limekwisha. Alihama kwenda kwa kaka yake Same kabla Januari haijafika.

Baba anasema tungeuza cherehani, yule mama angepata ile 120,000, na sisi Mungu angetufungulia njia nyingine. Anaamini hivyo kabisa. Mimi namwambia cherehani ile ndiyo iliyomaliza deni lake la hospitali, na kwamba tungeuza, Februari kungekuwa na familia mbili kwenye benchi lile. Kwa mtu yeyote anayeniuliza, nitaendelea kusema nenda mapema, nenda kabla hujauza kinachokulisha. Nimeongeza na bahasha ya diakonia, naitoa kila mwezi kabla ya ile ya ahadi. Lakini mama yule akinisimamisha leo stendi ya Moshi akaniuliza kwa nini fungu liliishia kwangu, mimi niliyekuwa bado na kitu ndani, sina la kumjibu.