Leo katika Ukumbi wa Magwiji, Kansas City

Leo mchana nimempeleka mwanangu kwenye Ukumbi wa Magwiji wa Mpira wa Kikapu wa Vyuo Vikuu, hapa Kansas City, Marekani, jengo lililofunguliwa mwaka 2007 na ambamo wageni huruhusiwa kurusha mpira wenyewe.

Nilidhani ningesimama zaidi mbele ya jina la kocha John Wooden, aliyeipa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, mataji 10 ya ubingwa wa vyuo vikuu kati ya mwaka 1964 na 1975, au la mchezaji Bill Russell, aliyeiongoza timu ya Chuo Kikuu cha San Francisco kutwaa ubingwa mwaka 1955 na 1956.

Kumbe aliyenigusa ni James Naismith.

Aliubuni mchezo huu mwaka 1891 kwa vikapu vya kuvunia matunda, kisha akaifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Kansas, akashinda michezo 55 na kupoteza 60.

Mwanangu, mpira ukiwa kwapani, akauliza, “Baba, kama alifungwa hivyo, mbona yupo hapa?”

Nikamjibu kwamba bila yeye hata Wooden asingekuwa na cha kufundisha, na naamini walitenda haki kumweka katika kundi la kwanza la magwiji mwaka 2006, hata kabla jengo hili halijafunguliwa.

Ndugu zangu mnaopenda kikapu, ninyi mngesimama mbele ya jina la nani?