Umeishiwa nauli?

Kazini kwetu Leicester, Uingereza, mwezi huu kuna mashindano ya kutembea. Timu za watu watano watano, kila mtu hatua 10,000 kwa siku, simu inahesabu yenyewe, na jamaa zako wanachangia fedha za wagonjwa wa moyo. Mimi karani wa mahesabu, kutwa nzima kitini, nikiinuka ni kwenda kuchemsha chai. Nilijiandikisha nikisahau kwamba likizo yangu imeangukia humo humo. Wenzangu wakasema haidhuru, hata za Tanzania zinahesabika.

Basi niko nyumbani Ujiji. Asubuhi ya pili nikavaa raba, nikaishika barabara ya Kigoma mjini.

Bodaboda wa kwanza: "Bro, panda twende." Nikamwambia natembea. Akashusha bei. Nikamwambia si habari ya bei. Akanifuata polepole kipande kizima, ana hakika nitachoka tu. Akaja wa pili, wa tatu. Kufika Mwanga sokoni nikakutana na mama mmoja, jirani yetu wa zamani, yuko na beseni lake la dagaa. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku ananikagua kuanzia viatuni.

"Mwanangu, umeishiwa nauli?"

Sijajibu, keshafungua fundo la khanga. Noti ya elfu mbili, imekunjwa mara nne. Kuikataa mbele za watu ningemvunjia heshima. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Stesheni, kwenye lile jengo la Mjerumani, simu ilisoma hatua elfu kumi na mbili na ushee. Nikapiga picha mwisho wa reli, nikawatumia wenzangu. Kurudi nilipanda daladala, sifichi.

Habari zilikuwa zimeshanitangulia nyumbani. Mama akaniuliza taratibu kama kazi huko imeota mbawa. Nikamweleza mambo yote. Akasikiliza, kisha: "Na kwa nini elfu kumi?" Nikamwambia hiyo haikuanzia kwa daktari. Mwaka 1965 Wajapani waliuza kifaa cha kuhesabia hatua, wakakiita manpo-kei, kipimo cha hatua elfu kumi. Jina likashika.

"Kumbe biashara. Na usipotembea, wagonjwa hawapewi?"

Hapo nilibabaika. Huyu ndiye aliyebeba mawese kichwani toka Ujiji mpaka Mwanga, akarudi kwa miguu, maana nauli ingemla faida yote. Ndiyo ada yangu ya shule hiyo. Akatazama simu yangu pale mkekani akasema, "Ningekuwa nayo hiyo enzi zile."

Usiku sikulala mapema, nilikuwa napiga hesabu. Bagamoyo mpaka hapa Ujiji, njia ya misafara, ni kama kilomita 1,200. Kwa mwendo wangu ni hatua milioni moja na laki sita, na wapagazi wa Kinyamwezi walizipiga na mizigo mabegani. Timu yangu watu watano, mwezi mzima, hatufiki hata hapo.

Kesho yake nikarudi Mwanga na ile noti. Mama wa dagaa akakataa katakata kuipokea. Nikamweleza habari ya wagonjwa, akacheka mpaka akaketi.

"Kama ni sadaka, ipeleke, andika ni yangu. Lakini wewe panda gari, jua kali."

Nimeiandika. Ndiyo ya kwanza kwenye orodha yangu: Mama wa dagaa, Mwanga, shilingi 2,000.